Kikombe Alichoonja Mama

Ipogolo,
Iringa.
12 Machi, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Aroni,

Kamwene. Nakuamkia kwa lugha ya nyumbani kwanza ili ujue ni mimi, maana mwandiko wangu umeharibika na unaweza kudhani umeandikiwa na mzazi wa mwanafunzi mtoro. U hali gani huko Kigoma? Wifi yangu Juliana hajambo? Ile presha yake imeshuka, au bado anakula chumvi kwa siri? Watoto wanasoma? Na wewe mwenyewe, mkuu wa shule, unalala usingizi wa kutosha au bado unasahihisha madaftari mpaka macho yanakuwa mekundu? Natumaini Mungu anawatunza nyote.

Sisi huku tupo. Mvua inanyesha vizuri na ukungu unatufunika kila asubuhi. Bado nauza mchele wangu wa Ubaruku hapa chini ya mteremko, na madereva wa malori siku hizi wananiita Mama Mbarali, utadhani mimi ndiye niliyelima. Magoti ndiyo yananisumbua. Nikipanda mjini yanalalamika, nikishuka yananyamaza.

Nimeandika barua kwa sababu simu yangu haipiti kwako. Nilimpelekea fundi nikidhani imeharibika. Akaibonyeza kidogo, akaniambia, "Mama, simu ni nzima. Huyu mtu amekufungia." Nikamwambia haiwezekani, huyo mtu nimembeba mgongoni. Fundi akacheka, na mimi nikacheka ili nisilie mbele yake.

Sasa, Aroni, naomba usiikunje barua hii. Najua ulisema hutaki kulisikia tena jina la Zabron tangu siku ile ya kumuaga binti yako, alipoiangukia meza ya keki mbele ya wakwe. Najua ulivyojisikia. Mimi ndiye niliyemtoa pale kwa kumshika ukosi, na gauni langu la sherehe likaharibika. Lakini leo sina habari nyingine ya kukuandikia. Nimejitahidi kuizunguka kwa mchele na magoti, sasa nimefika. Mdogo wetu anakufa.

Nianze mahali unapopajua. Mwaka juzi Zabron alikuwa amefika mwisho. Alikuwa anakunywa kabla ya kunawa uso. Mke wake Happy alishachoka, alibaki tu kwa ajili ya watoto, na kwa sababu Mama alimwomba akilia. Ndipo mchungaji akatuambia habari za nyumba moja ya upataji nafuu kule Mbeya, ya wanaume watupu, mahali ambapo mtu anakaa mwaka mzima na zaidi, si zile za kulazwa wiki mbili na kurudi.

Mwenye nyumba anaitwa Habibu. Babu yake alikuja Mbeya kutoka Tanga kufanya biashara ya nguo. Habibu mwenyewe aliuza majora yote ya nguo ya duka la babu yake kwa ajili ya unga wa kulevya, mpaka akalala mitaroni. Ameacha miaka mingi. Ni mtu mpole, anasema polepole, na kila mwanaume pale yeye humwita mwanangu hata kama ana mvi kumzidi. Wakristo wanasali kwa namna yao, Waislamu kwa yao, kisha wote wanashika jembe. Wanalima viazi, wanapika, wanafua, wanakaa kwenye mduara na kila mmoja anasema ukweli wake. Hakuna anayefungiwa. Mlango uko wazi, na hilo ndilo gumu lenyewe.

Aroni, ulikosa kumwona Zabron katika miezi ile. Alinenepa. Alinitambua kwa mbali nikiwa bado getini. Kazi yake ilikuwa kumenya viazi vya nyumba nzima, na alikuwa anamenya ganda jembamba kiasi kwamba Habibu aliwaonyesha wageni. Nilimwuliza anaishije. Akaniambia kitu kigumu kwake ni alfajiri na jioni, saa alizozoea kugema ulanzi. Akaniambia, "Dada, saa hizo mikono inawasha. Inatafuta kisu yenyewe." Ndiyo maana Habibu alimpa viazi. Kila saa ya kugema alikuwa anakaa kwenye karai lake anamenya, mpaka mikono inatulia.

Alishapita nusu ya muda wake na zaidi. Nilianza hata kumringia jirani yangu.

Basi mwezi uliopita Mama akasema anataka kumwona mwanawe. Mimi nilikuwa nimebanwa na mzigo wa mchele, nikamwambia aende na Happy. Mama hakulala akijiandaa. Alipika maharage, akafunga ndizi, akachagua mahindi mabichi. Na asubuhi ya safari, kabla ya basi, akaenda mwenyewe kwenye ulanzi wa baba, kwenye mianzi ile, akashusha mbeta, vile vipande vya mwanzi vya kukingia, zile zilizojaa vizuri, akamimina mtogwa kwenye kidumu. Umewahi kumwona mama wa kwetu akisafiri kwenda kwa mwanawe msimu wa mvua bila mtogwa? Wewe mwenyewe alikuletea bwenini, mkagombana na mwalimu wa zamu.

Nataka uelewe hili sawasawa, kwa sababu nimelia nalo sana. Mama hakupeleka pombe. Kwa Mama, pombe ni mkangafu, ule uliolala ukawa mkali. Mtogwa wa asubuhi ni utamu tu, ni maziwa ya mianzi, tulinyweshwa sote kabla ya kuota meno. Ungemwambia ni pombe angekushangaa. Tatizo ni kwamba mtogwa hausubiri mtu afike Mbeya. Happy anasema walipofika Mafinga kidumu kilianza kulia. Mama akalegeza kifuniko. Makambako kikalia tena, akalegeza tena, povu likamwagikia kitenge chake na abiria wote wakajua. Happy akamwambia, "Mama, huu umeshachacha." Mama akamjibu, "Acha maneno yako, umetikisika tu na barabara."

Getini yuko mtu anaitwa Samwel, naye ni wa humo humo, amepona. Kazi yake ni kukagua vikapu. Akauliza kidumu kina nini. Mama akasema ni chakula cha mtoto, kisha akapiga funda moja mbele yake ili ajue si sumu. Samwel akaona aibu kumnyang'anya bibi kizee kitu mkononi. Simlaumu. Hata wewe, na ukali wako wote, usingeweza.

Wakakaa na Zabron chini ya ukuta, kwenye jua. Wakaongea habari za watoto. Mama akatoa kikombe chake, akamimina, akaonja yeye kwanza, akamkabidhi mwanawe kwa mikono miwili. Happy anasema Zabron alipopata ile harufu alibadilika uso. Alijua. Mgema gani asijue? Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hapa siruhusiwi." Mama akasema, "Mwanangu, huu si pombe, ni mtogwa tu, hata katoto kanakonyonya kanapewa. Mimi mama yako nimeshaonja."

Wewe umesoma, Aroni, lakini hujasahau. Mama ameonja, ameshika kikombe kwa mikono miwili, anakungoja. Ukikataa hapo umesema nini? Umesema mama yako ni mchawi. Zabron alimwangalia Happy, akaangalia kule walikokaa wenzake, akapokea. Akanywa. Akasema asante Mama, akatabasamu. Mama akamjazia tena, kwa furaha.

Jioni, saa ya kugema ilipofika, karai lilikuwepo na viazi vilikuwepo. Zabron hakuwepo.

Mama na Happy walikuwa wamekwenda kulala kwa ndugu wa Happy, na siku kadhaa tulimtafuta Mbeya nzima. Habibu alizunguka na pikipiki kwenye vilabu vyote akiwa na picha yake. Kumbe alidandia lori usiku ule ule, akashuka Ifunda, akatembea kwa mguu mpaka nyumbani. Hakuingia ndani. Hakuwagongea hata watoto wake. Mama aliporudi ndiye aliyemkuta. Alikuwa amelala chali kwenye ulanzi wa baba, kwenye matope, mdomo wazi chini ya chipukizi linalodondosha, na damu imemkauka shavuni. Alikuwa amezitoa mbeta zote na kuzimaliza. Zilipokwisha, akalala chini ili ulanzi umdondokee wenyewe mdomoni.

Mama alipiga kelele moja tu. Tangu siku ile anaongea kidogo sana.

Tulimpeleka hospitali ya Tosamaganga akiwa anatapika damu. Wamemhudumia vizuri, Mungu awabariki, damu imesimama. Daktari alituita mimi na Happy akatuambia bila kuzungusha kwamba ini limechoka, na mishipa ya kooni imevimba. Akinywa tena kama alivyokunywa, tusijisumbue kukodi gari. Tumwite mchungaji. Happy alitoka nje akakaa kwenye majani. Mimi nilibaki nimesimama kwa sababu nilijua nikikaa sitanyanyuka.

Nilimpigia Habibu nikijua atanijibu vibaya, maana walioondoka mara moja wengi hawarudishwi, na kuna wanaume wengine wanaongoja kitanda. Hakunijibu vibaya. Alikuja mwenyewe mpaka Iringa, amefunga Ramadhani, mdomo umemkauka, hakukubali hata nimtafutie pa kupumzika. Akakaa na Zabron saa nzima wameshikana mikono. Kisha akaomba tumpeleke nyumbani aone mahali alipookotwa.

Alisimama kwenye ule ulanzi akazunguka. Unajua ulivyo msimu huu, kila chipukizi linadondosha, nyuki wamejaa, unanukia mpaka mlangoni kwa Mama. Akaniuliza nyumba ya Zabron iko wapi. Nikamwonyesha, hatua chache tu kutoka pale. Akaniuliza nani anagema siku hizi. Nikamwambia Mama, na anauzia hapo hapo uani. Halafu akaniambia, "Dada Yusta, mimi naweza kumkalisha mwaka na nusu. Naweza kumkalisha hata miwili. Lakini siku ya mwisho namleta wapi? Namleta hapa?"



Akasema kitanda chake atakishikilia mpaka Idi ipite. Zabron anaanza upya, siku ya kwanza kabisa. Lakini safari hii hataanza peke yake. Ndugu nao waanze. Ulanzi huu ung'olewe, si kukatwa tu, ung'olewe na mizizi, na uani pasiuzwe kitu. Akiambiwa kwamba umeng'olewa, atampokea. Asipoambiwa, kitanda atampa mtu ambaye nyumbani kwao wanamtaka mzima. Alisema hivyo, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, kwa hiyo usije ukasema ni mtu katili.

Siku ile ile nilichukua panga na jembe la Happy nikaingia. Nilifyeka mashina mawili. Mama akatoka, hakunigombeza. Akakaa kwenye shina lile kubwa, lile ambalo baba alilipanda mwaka uliozaliwa wewe, akaniambia, "Mimi ndiye niliyemuua mwanangu, najua. Lakini ulanzi si wangu, na si wako. Mwenyewe ni Aroni. Mwulizeni mwenyewe."

Na kweli, baba alisema hivyo mbele yetu sote. Mtu asiguse ulanzi huu bila neno la Aroni. Mama ameacha kugema, kisu amekitia ndani ya sanduku, lakini kuvunja neno la marehemu hawezi. Na mimi, firauni niliye, nilipomwona amekalia lile shina, panga lilinidondoka. Wazee wa ukoo nao nimewaendea. Wote wameniambia maneno yale yale, na wengine wao, Mungu anisamehe, ni wateja.

Kwa hiyo sasa ulanzi unadondoka chini bure. Hakuna mgema, udongo umelowa, na wanaume wanapita jioni wakijidai wanamsalimia Mama huku wanatupa macho. Juzi Happy alikuta mbeta ambazo si zetu zimetundikwa. Mtu anagema ulanzi wako, Aroni, wakati wewe umeninyima simu.

Najua utakavyosema. Utasema ulanzi ule ndio uliokusomesha. Ni kweli. Ada yako yote, tangu sekondari mpaka chuo, ilitoka kwenye mbeta zile, hakuna anayebisha. Ila jiulize nani alikuwa anagema. Baba alipoteguka nyonga hakushika tena kisu. Wewe ulikuwa bwenini. Mimi nilikuwa nimeolewa. Zabron alikuwa darasa la sita, akatolewa shule, akapewa kisu cha baba. Asubuhi anagema na jioni anagema, na kila mbeta lazima aionje ajue kama ni mtogwa wa kuuza asubuhi au mkangafu wa jioni. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Wateja walikuwa wanamsifu ulimi. Wewe ulikuwa unarudi likizo na vitabu vyako, yeye anakuchekea, macho yamelegea, na sisi wote tunasema Zabron ana moyo mweupe, Zabron ana raha. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema huyu mtoto amelewa.

Sikuandikii haya kukusuta. Naandika kwa sababu nimeishiwa. Nimesali, nimefunga na Wakatoliki Kwaresima ambayo si hata desturi yangu, nimempigia mchungaji, nimempigia Habibu, nimewapigia wazee. Kila mlango unanielekeza kwako, na wewe umefunga simu. Nakosa usingizi. Nikipima mchele nasahau nilipofikia, wateja wananikumbusha.

Zabron hajui kama nakuandikia. Jana nilipomlisha uji aliniuliza kitu kimoja tu, kama Mama anakula. Nikamdanganya kwamba anakula. Akasema, "Mwambieni Mama kikombe kile hakikuwa na kosa. Kosa ni ulimi wangu." Halafu akageukia ukutani.

Sitaki uje. Sitaki utume kitu. Sitaki hata umsamehe, hilo mtamalizana wenyewe akipona, na ile keki mtaidaiana mbele ya Mungu. Nataka neno moja. Mpigie Mama kwa simu ya Happy, useme, ng'oeni. Mama yuko tayari, nakuhakikishia. Ameshaniambia nimweke karibu na shimo ili ashuhudie kila shina linavyotoka. Vijana wa kwaya wameahidi kuja na majembe mara tu wakisikia. Ni neno moja, Aroni, na Idi ni mwisho wa mwezi huu.

Na kama huwezi kulisema, kama ulanzi wa baba ni mzuri mno kwako, basi sawa, ni wako. Lakini hapo njoo. Panda basi uje mwenyewe, uchukue kisu kwenye sanduku la Mama, ugeme. Umimine kwenye kikombe kile kile, nimekihifadhi. Umfuate mdogo wako kitandani, ukae mbele yake. Uonje kwanza kama desturi yetu ilivyo, halafu umkabidhi kwa mikono miwili. Usimwachie Mama kazi hiyo mara ya pili.

Msalimie Juliana na watoto wote mmoja mmoja. Happy anakusalimia, na watoto wa Zabron wanamwulizia baba mkubwa anayekaa ziwani. Mama hakutuma salamu za mdomo. Nilipomwambia nakuandikia, alishika mkono wangu huu ninaoandikia, akaushikilia. Nadhani hizo ndizo salamu zake, zipokee.

Bwana akulinde unapotoka na unapoingia, akulainishe moyo, na akupe ujasiri wa kuifungua simu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukinifungia mlango,

Yusta